Ukuta umeshuka mpaka majini Kigamboni. Ufukwe tunaupitia wapi?

Wakuu, nimerudi jana usiku kutoka Kigamboni na hasira haijaisha.

Tulikodi nyumba ndogo ya mapumziko upande wa Gezaulole, siku mbili, laki tatu. Mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mzazi. Mwenye nyumba alitamka mwenyewe kwenye simu: "Hapa mtatembea ufukweni mpaka mchoke." Hicho ndicho kilichotupeleka, maana bwawa la kuogelea hata Sinza yapo. Nilitaka wanangu watembee kwa miguu, waone makaburi ya kale ya Mbwamaji, wafike dikoni waone samaki wakishushwa. Mama naye alikuwa na lake la kuwaeleza wajukuu: kwamba Gezaulole ni Kizaramo, "jaribu uone", na kwamba miaka ya 1970 watu walitolewa mjini kwenda kuanzisha kijiji cha ujamaa pale.

Hatukufika mbali. Jumamosi asubuhi maji yamekupwa, tunatembea vizuri, mara ukuta wa mawe huo, umeteremka kutoka kiwanjani hadi kwenye mchanga mbichi. Mlinzi akatoka: eneo la hoteli, kupita elfu kumi kwa mkubwa, elfu tano kwa mtoto. Kupita tu, siyo kuingia! Nikamwambia, ndugu yangu, basi tupite majini. Akajibu hata majini ni kwao.

Tukapanda kuzunguka kwa barabara ya juu. Vumbi, jua, mama na magoti yake. Kila kichochoro tulichojaribu kushukia kimezibwa, kiwanja kinapakana na kiwanja, ukuta kwa ukuta. Karibu saa nzima.

Dikoni tulimkuta mzee anashona wavu. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyotukuta. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umezungushwa leo. Wake zetu wanashuka pale kuchokoa pweza tangu enzi za bibi zao. Sasa wanazunguka hivyohivyo ulivyozunguka wewe, wakifika maji yanajaa."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko zile elfu kumi. Watu wa pwani mnajua, hata siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mwamba unakaa wazi saa chache tu. Ukimpotezea mama wa watu saa moja njiani, umemnyang'anya kitoweo cha watoto wake na hela ya unga. Na hao ndio waliokuwepo kabla ya hoteli, kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa 2016 na bei ya viwanja kupaa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ule ukuta haukuacha hata mita moja! Maji yakijaa, wimbi linaupiga, linarudi na mchanga. Mzee alituonyesha minazi pembeni ya ukuta, mizizi iko nje yote. Na ukanda huu, kule Kimbiji, kasa wanapanda kutaga. Kasa atapandaje ukuta?

Mwenye nyumba nilipompigia akasema wageni wote wanalipa, tuzoee. Nikamwomba arudishe hata nusu ya pesa, maana alichoniuzia hakipo. Akakata simu. Sijui kama alijua au na yeye kadanganywa, lakini laki tatu yangu anayo.

Naomba msaada kwa waliowahi kulifuatilia jambo kama hili. Unaanzia serikali ya mtaa, au barua inakwenda moja kwa moja NEMC, baraza la taifa la mazingira? Picha za ukuta ninazo, maji yakiwa yamekupwa na yakiwa yamejaa. Na wenyeji wa Mjimwema, Gezaulole hadi Kimbiji, tajeni hapa chini njia za kushukia baharini mlizokuwa mnapita ambazo zimezibwa. Nataka niende na orodha, nisiende na hasira peke yake.