Nyimbo kumi za Bosi, na Mjomba anayehesabu kura

Jumamosi, saa 2:05 usiku

Mjomba: Jamani wa ukoo. Leo nimemaliza kuzisikiliza albamu za Bruce Springsteen, yule mwanamuziki wa Marekani anayeitwa Bosi, kuanzia ile ya Januari 1973. Wiki tatu nzima. Sasa tupange nyimbo kumi bora za Bosi, humu humu, leo leo. Kila mtu ataje zake, mimi nahesabu.

Dada Mkubwa: Shikamoo Mjomba. Kazi ya kuhesabu umepewa na nani?

Mjomba: Marahaba. Kikundi nimekifungua mimi.

Shangazi: Shemeji ukihesabu wewe, Thunder Road itashika nafasi ya kwanza mpaka ya nne.

Binamu: 😂😂

Mjomba: Shem, mimi mtu wa haki. Ila Thunder Road ni ya kwanza, hilo halipigiwi kura.

Kitinda: Shikamooni. Mimi Bosi nimemjulia kwenye ile filamu inayomhusu ya 2025. Naruhusiwa kupiga kura?

Mjomba: Umesikiliza albamu ngapi?

Kitinda: Moja. Nebraska. Kama mara arobaini hivi.

Shangazi: Huyo mpeni kura mbili.

Binamu: Kabla hatujaanza, nyimbo alizowagawia wenzake zinahesabiwa? Because the Night alimwachia Patti Smith, naye akatia maneno yake, 1978 hiyo. Fire ikaenda kwa Pointer Sisters, ikafika namba 2 Marekani. Halafu Blinded by the Light, iliyofungua albamu yake ya kwanza kabisa, wakaja Manfred Mann's Earth Band wakairudia, 1977 ikakaa namba 1.

Mimi: Na yeye mwenyewe, kwa jina lake, hajawahi kushika namba 1 kwenye chati hiyo ya nyimbo. Uliokaribia zaidi ni Dancing in the Dark, namba 2.

Dada Mkubwa: Asante kwa kuitaja. Ndiyo ya kwanza kwangu.

Mjomba: Dancing in the Dark??? Ile ya vinanda vya umeme?

Dada Mkubwa: Ile ile. Mjomba, wewe umeucheza huo wimbo miaka yote hujausikiliza hata siku moja. Jamaa anaamka jioni hana la kusema. Kajichoka. Anajitazama kwenye kioo, anatamani abadilishe nguo, nywele, mpaka uso. Ukiuandika kwenye karatasi bila muziki ni barua ya mtu wa kuombewa. Na ulivyozaliwa ndiyo utamu wenyewe: meneja wake, Jon Landau, alimwambia albamu bado haina wimbo wa kuitangulia redioni. Bosi akawaka, ameshaandika nyimbo kama 70, akitakiwa mwingine basi Landau aandike mwenyewe. Halafu usiku huohuo akauandika. Kwa hiyo ile hasira ya kudaiwa wimbo ndiyo wimbo wenyewe.

Shangazi: Hapo umenena, mwanangu.

Mjomba: Sawa, nimeiandika. Nafasi ya tisa.

Dada Mkubwa: Unahesabu au unahukumu?

Binamu: Mimi Born to Run. Wimbo mmoja, karibu miezi sita studio. Sikilizeni yale magitaa yalivyopangwa moja juu ya jingine mpaka huwezi kuyatenganisha. Alikuwa na albamu mbili ambazo hazikuuza, kampuni inataka kumtema, na yeye miezi sita yuko na wimbo mmoja! Ukinipa kazi kwa masharti hayo nakimbia.

Mjomba: Kumbe ndiyo maana umeuchagua, na wewe mzaliwa wa kukimbia.

Binamu: 🙄

Mjomba: Sasa nisikilizeni mimi mzee wenu. Albamu hiyo ya Born to Run, ya Agosti 1975, ina nyimbo nane tu. Nane. Unaanza na Thunder Road, piano na kinanda cha mdomo, mlango wa wavu unagonga, binti yuko kibarazani. Hakuna kiitikio! Wimbo mzima unapanda kilima haurudi nyuma. Kijana anamwambia binti kwamba si mrembo sana lakini anatosha, na bado unaamini ni maneno ya mapenzi. Nani mwingine angethubutu?

Shangazi: Angeniambia mimi hivyo angeondoka peke yake na gari lake.

Dada Mkubwa: 😂😂😂 Shangaziii

Mjomba: Halafu inafungwa na Jungleland. Lile saksafoni la Clarence Clemons! Walilirekodi kipande kwa kipande kwa saa 16, Bosi akimwelekeza noti moja moja. Tangu Clarence atutoke 2011 sijawahi kulisikia mpaka mwisho macho yakiwa makavu.

Kitinda: Dakika tisa na nusu lakini, Mjomba.

Mjomba: Una haraka ya kwenda wapi?

Kitinda: Nyumbani kwa Nebraska 😅 Niwaeleze? Januari 1982, chumba cha kulala, nyumba ya kupanga kule Colts Neck, New Jersey. Kiti, gitaa, kinanda cha mdomo na kirekodi cha kaseti chenye njia nne. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha bendi nyimbo mpya tu. Bendi wakajaribu studio, zikagoma. Kila wakiziongezea vyombo zinapoteza kitu. Mwisho wakatoa ile kaseti yenyewe, ambayo alikuwa akitembea nayo mfukoni bila hata kasha lake. Ndiyo albamu. Atlantic City ukiisikiliza usiku kwa spika za masikioni, unasikia mtu aliyefilisika anamwambia mpenzi wake ajipodoe watoke, na unajua kabisa kazi aliyokubali kwenda kuifanya si njema. Hasemi. Unajua tu.

Shangazi: Nilisema mpeni kura mbili.

Mimi: Na Born in the U.S.A. ilikuwa miongoni mwa nyimbo alizozirekodi kwa njia hiyo, wakati huohuo.

Binamu: Ile ya bendera? Hiyo tuiache. Wimbo wa kujisifu nchi.

Shangazi: Nani kasema ya kujisifu?

Binamu: Shangazi, anapiga kelele “nimezaliwa Marekani” dakika nzima.

Shangazi: Hicho ni kiitikio. Beti umezisoma? Kijana anapelekwa Vietnam. Kaka yake anabaki vitani huko huko, Khe Sanh, harudi. Yeye anarudi, kazi hakuna, kiwandani wanamzungusha, ofisi ya wapiganaji wa zamani nayo inamzungusha. Miaka kumi baadaye hana pa kwenda. Ndipo anapaaza sauti kwamba kazaliwa hapa. Ni kama mtoto anayefungiwa nje anagonga mlango wa kwao. Wewe unasikia mtu anajisifu?

Binamu: …

Shangazi: Usijilaumu. Mwaka 1984 Rais Reagan naye alimtaja Bosi kwenye kampeni, akiwa New Jersey kwao, kama vile wako upande mmoja. Kilichowapotosha ni zile ngoma. Tafuta ile ya gitaa peke yake, ilikuja kutoka 1998 kwenye mkusanyiko wa Tracks. Ukiisikia hiyo huwezi kupeperusha chochote.

Dada Mkubwa: Lakini Shangazi, kosa si la msikilizaji peke yake. Ukivisha kilio nguo za sherehe, watu watacheza.

Shangazi: Wewe ndiye uliyetoka kuisifu Dancing in the Dark kwa sababu hiyohiyo 😏

Dada Mkubwa: Nimenyamaza.

Mjomba: Tuweke ipi basi, ya ngoma au ya gitaa?

Shangazi: Ya gitaa. Andika kwenye mabano.

Binamu: Kuna mtu ana chochote cha 1992? Zile albamu mbili alizotoa siku moja?

(Dakika sita, kimya.)

Binamu: Haya tuendelee.

Mimi: Mimi naomba nafasi kwa My City of Ruins. Kila mtu anadhani aliuandika kwa ajili ya New York baada ya Septemba 11. Aliuandika kabla, kwa ajili ya Asbury Park, mji wa ufukweni alikoanzia muziki, wakati maduka yamefungwa na majengo yanaanguka. Septemba 21, 2001 akauimba kwenye ile harambee ya televisheni, na kila neno likawa limepata maana nyingine bila kubadilishwa. Mwaka uliofuata ukafunga albamu ya The Rising.

Mjomba: Huo nakubali. Una harufu ya kanisani.

Kitinda: Swali dogo. Aliwahi kuja Afrika?

Mjomba: Oktoba 1988, Harare na Abidjan, ile ziara ya shirika la Amnesty ya haki za binadamu. Yeye, Sting, Peter Gabriel, Tracy Chapman na Youssou N'Dour. Halafu 2014 Afrika Kusini. Cape Town alifungua na wimbo wa kudai Mandela aachiwe huru, wiki chache tu baada ya mzee kufariki.

Kitinda: Loh. Na mimi nilikuwepo duniani 2014, hakuna aliyeniambia.

Saa 3:40 usiku

Mjomba: Nimehesabu. Nafasi ya kwanza zimefungana mbili, Thunder Road na The River. Kisha Born to Run, Atlantic City, Jungleland, Dancing in the Dark (nimeipandisha, Dada yenu asinune), Born in the U.S.A. (ya gitaa), Badlands, My City of Ruins, Streets of Philadelphia.

Dada Mkubwa: Badlands nani kaitaja?

Mjomba: Mimi. Kimoyomoyo.

Binamu: Na The River? Mbona hatujaijadili?

Shangazi: Nilimtumia pembeni. Nilijua humu mtapiga kelele.

Mjomba: Kanitumia ukurasa mzima.

Shangazi: Nitasema kwa ufupi. Aliutunga kwa maisha ya dada yake na shemeji yake. Wameoana wadogo, mimba imetangulia, shemeji kapoteza kazi ya ujenzi, uchumi mbaya. Dada mtu alipousikia mara ya kwanza alimfuata nyuma ya jukwaa, akamkumbatia, akamwambia hayo ni maisha yake. Sasa wale wawili wa Thunder Road, Shemeji, walioondoka na gari wakicheka, unadhani walifika wapi? Walifika mtoni. Na mto umekauka.

(Kimya.)

Mjomba: Hiyo si haki, Shem.

Shangazi: Piga kura.

Mjomba: Haya. Thunder Road, mimi. Binamu?

Binamu: Thunder Road.

Mimi: Thunder Road. Samahani Shangazi.

Dada Mkubwa: The River.

Shangazi: The River.

Mjomba: Tatu kwa mbili. Kitinda, mwanangu mpendwa, unakumbuka nani alikununulia spika za masikioni?

Kitinda: Nakumbuka, Mjomba, na nashukuru. Ndizo ninazosikilizia The River sasa hivi. Hii ni mama mzazi wa Nebraska. The River.

Shangazi: 💃💃💃

Binamu: Tatu kwa tatu. Na Bamkubwa je? Naona anasoma tangu saa mbili.

Dada Mkubwa: Shikamoo Bamkubwa.

Bamkubwa: Marahaba.

Mjomba: Shemeji, tuokoe. Kura yako ndiyo ya mwisho.

Bamkubwa: [ujumbe wa sauti, sekunde 19]

Kitinda: Hajasema kitu. Ni kinanda cha mdomo tu.

Mjomba: Kinanda cha mdomo! Thunder Road hiyo! Nimeshinda!

Shangazi: Acha wewe. The River nayo inaanza na kinanda cha mdomo. Hicho ni chake, nakijua.

Mjomba: Chini yake kuna piano, sikilizeni vizuri.

Shangazi: Gitaa.

Kitinda: Mimi nasikia feni.

Binamu: Bamkubwa, ni upi kati ya hiyo miwili?

Dada Mkubwa: Ameshatoka hewani.

Saa 5:12 usiku

Mjomba: Nimeirudia mara kumi na moja. Ile ni piano.

Shangazi: Kalale, Shemeji.