Kwa nini wengine hubaki nyumbani amri ya kuhama inapotolewa? Kutoka Katrina hadi Nyiragongo

Mwana wa Majengo, Goma

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mmoja wa vijana wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba katika avenyu zetu, tukieleza watu la kufanya iwapo volkano yetu ya Nyiragongo itatoa moto tena. Kwa ajili ya kazi hiyo nimekuwa nikisoma habari za kimbunga Katrina, kilichopiga pwani ya kusini ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005, na kuna jambo ambalo haliniachi. Utabiri ulikuwapo. Meya Ray Nagin alitoa amri ya lazima ya kuhama New Orleans asubuhi ya tarehe 28, na takriban watu wanane katika kila kumi waliondoka. Lakini makumi ya maelfu walibaki, kuta za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu kubwa ya mji, takriban asilimia 80, ikazama. Katika majimbo yote yaliyoguswa na kimbunga hicho, waliokufa walizidi 1,300.

Nasi tuna habari yetu. Alhamisi tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko ambao lava yake ilisimama Buhene karibu na uwanja wa ndege, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame mara moja, kwa kuwa dalili zilionyesha magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, imeingia chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Watu wapatao 400,000 waliondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na hata Bukavu. Hata hivyo Majengo, ambayo ilikuwa katika orodha, kulikuwa na familia ambazo hazikutoka, na ninapoingia kwao leo wananipa kiti, wananisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha wananiambia, "Tutaona siku hiyo." Nawaomba mnieleze: ni nini hasa kinachomfanya mtu aliyeisikia hatari kwa masikio yake abaki, na nizungumze naye vipi?

Mwalimu wa Jiografia, Himbi

Mwanangu, swali lako ni zuri, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuwahukumu. Watu walio mbali huhukumu haraka sana. Utafiti mmoja wa wanasaikolojia juu ya walionusurika Katrina, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watazamaji, wakiwemo waliokwenda kutoa msaada, waliwaona waliobaki kuwa wavivu na wazembe, ilhali waliobaki wenyewe walizungumza juu ya kusaidiana na jirani, kumtegemea Mungu na kuwa imara mbele ya shida. Ukiingia katika nyumba ya mtu ukiwa umekwisha kumwona mzembe, ataligundua hilo kabla hujafungua kinywa.

Kwa maoni yangu sababu iliyo nzito kuliko zote ni kwamba mtu hupima hatari mpya kwa kipimo cha ile aliyoiponea. Katika pwani ya Mississippi wazee wengi walikuwa wamekiona kimbunga Camille cha mwaka 1969, ambacho upepo wake ulikuwa mkali kuliko wa Katrina ilipofika nchi kavu. Nyumba ambayo maji ya Camille hayakuifikia ilihesabiwa kuwa salama milele. Lakini viwango vya vimbunga vinavyotangazwa redioni hupima upepo tu, na anayeua wengi zaidi ni maji. Camille ilisukuma bahari hadi takriban mita 7. Katrina, iliyofika nchi kavu ikiwa ya kiwango cha chini kuliko Camille, ilizidisha mita 8. Watu walikuwa na kumbukumbu sahihi kabisa, nayo ndiyo iliyowaua.

Sasa tazama Goma. Camille yetu ni tarehe 17 Januari 2002. Siku ile lava iliukata mji katikati hadi ziwani na kuteketeza takriban asilimia 13 yake, lakini ilipofika mjini ilitembea polepole kiasi kwamba mtu aliweza kubeba godoro na kumshika mtoto mkono akiwa mbele yake. Kila aliyeiona ile hadi leo husema, "Moto huo nitauona ukija, nami nitatoka." Anayesema hivyo haujui mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977, ambapo ziwa la lava lililo kileleni lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na lava nyepesi ikateremka miinuko kwa mwendo uliofikia kilomita 60 kwa saa. Hapo hakuna kuuona moto kwanza halafu kufunga virago.

Jambo la pili linanitia hofu zaidi kwa ajili ya siku zijazo. Mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya Katrina, mamia ya maelfu ya watu walihama New Orleans kwa sababu ya kimbunga Ivan. Walikaa saa nyingi mno barabarani kuelekea Baton Rouge, ambayo ni kilomita 130 tu, kisha Ivan ikageukia upande mwingine. Wakarudi wamechoka, fedha zimekwisha, mji ukiwa mkavu. Nasi mwezi Mei 2021 tulihama, mlipuko wa pili haukutokea, na ruhusa ya kurudi ikaanza kutolewa tarehe 7 Juni. Amri ile haikuwa ya bure, kwa sababu matetemeko na nyufa barabarani vilikuwa vya kweli. Lakini aliyelala sakafuni katika shule ya Sake ameihesabu kuwa safari ya bure, na hesabu hiyo ataitumia siku nyingine.

Mama Neema, Birere

Mwalimu amesema vema, ila naomba niongeze upande wetu sisi tuliobaki, kwa sababu mimi ni mmoja wao, na kumbukumbu ya 2002 haikuwa na nafasi yoyote katika uamuzi wangu.

Mama yangu miguu yake imevimba miaka mingi. Hawezi kupanda pikipiki, na hata akishikiliwa hawezi kutembea zaidi ya mwendo wa kutoka mlangoni hadi barabarani. Asubuhi ile nauli ya pikipiki kwenda Sake ilikuwa ikipanda kila nilipouliza. Kijana mmoja mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, alikubali kumbeba mama juu ya mbao zake, tukamtandikia godoro na kumfunga kwa kitenge asianguke, lakini walipofika kwenye msongamano wa barabara ya Sake ilionekana wazi kwamba hatafika, na akaomba mwenyewe arudishwe. Ningemwacha na nani? Dukani nilikuwa na mifuko ya unga na mafuta ambayo nilikuwa nimepewa kwa deni, na aliyenipa deni hataki kujua habari za volkano. Jirani yangu yeye alipanda juu ya nyumba yake akaanza kubandua mabati, akisema kwamba hata mbao zikiungua atakuwa na paa la kuanzia.

Nimesikitika kusoma kwamba New Orleans nako ilikuwa hivyo hivyo. Watu wapatao 100,000 hawakuwa na gari katika mji ambao mpango wake wa kuhama ulitegemea magari, na kimbunga kiliwakuta mwisho wa mwezi, wakati mishahara na misaada ya wazee ilikuwa haijalipwa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "hama", umemwamuru atoe kitu ambacho hana. Mwana wa Majengo, unapokuja kwetu na karatasi zako za mafunzo, mlima tunaujua. Tunauona mwekundu usiku kutoka uani. Tusilolijua ni nani atambeba mama, tutalala wapi, na kofuli ya duka italindwa na nani. Hayo hujawahi kutuambia.

Mzee wa Bujovu

Mama Neema, pole sana kwa hayo, na heshima zangu kwa mama yako. Lakini naomba mniruhusu nisikubaliane na nyote kwa sehemu, kwa kuwa naona tunawaelewa waliobaki hadi tunasahau kuwaambia ukweli.

Mwaka 2002 nilikuwa mtu mzima. Nilishuhudia kwamba wengi wa waliokufa hawakuchomwa na lava iliyokuwa ikitembea. Makumi walikufa siku kadhaa baadaye, kituo cha mafuta kilipolipuka wakati watu walikuwa wakichota mafuta kando ya lava iliyokuwa bado na moto. Hatari ya volkano haiishi pale inapoacha kuonekana. Kila mtoto wa Goma anaijua mazuku, hewa nzito inayokaa mabondeni, isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Na chini ya Ziwa Kivu kuna kilomita za ujazo zipatazo 300 za gesi hiyo hiyo ya kaboni, pamoja na takriban 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na letu, liliachilia gesi yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 katika vijiji vilivyolizunguka. Mwaka 2021 wataalamu walikuwa na sababu ya kuogopa magma iliyoingia chini ya ziwa. Katika hali kama hiyo kubaki ili kulinda duka ni kulinda mali ambayo hutaishi kuiuza.

Tena anayebaki habaki peke yake. Watoto wanabaki kwa sababu baba amebaki, na mwokoaji anarudi kwa sababu kuna mtoto ndani. Mwaka 2017, kabla ya kimbunga Harvey, kiongozi mmoja wa mji wa Rockport huko Texas aliwataka walioamua kubaki waandike majina yao na namba zao za utambulisho mkononi kwa kalamu isiyofutika, ili maiti zao zitambuliwe. Ni maneno makali, lakini mimi naona yalikuwa ya huruma kuliko kumbembeleza mtu. Kijana, ukiingia nyumbani kwangu sema waziwazi kwamba tutakufa. Usituonee haya kwa sababu ya mvi zetu.

Mwalimu wa Jiografia, Himbi

Mzee wangu, nakubali kwamba ukweli usifichwe. Ninachoogopa ni kutisha bila kuonyesha njia. Mwezi Septemba 2005, wiki chache tu baada ya Katrina, watu zaidi ya milioni 2 walikimbia eneo la Houston kwa hofu ya kimbunga Rita, hofu ambayo hakuna aliyehitaji kuifundisha. Waliokufa katika safari hiyo, kwa joto na ajali, walikaribia au kupita 100. Basi moja lililobeba wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee liliwaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Nasi usiku wa tarehe 22 Mei 2021 tulikimbia gizani kila mtu na njia yake, na UNICEF ikaripoti watoto zaidi ya 150 waliopotezana na familia zao. Mama aliyemtafuta mtoto wake siku zile, leo ukimtisha atamshika mtoto huyo na kuketi naye nyumbani.

Papa Ushindi, Bukavu

Ninaandika kutoka Nguba, upande wa waliopokea. Mwezi Mei 2021 boti zilifika hapa zimejaa kupita kiasi, na bandarini tuliona watu wa aina mbili: waliokuwa na jina na namba ya simu ya shemeji au rafiki wa kanisa, ambao walichukuliwa siku hiyo hiyo, na wasio na mtu, waliokaa juu ya mizigo yao wakitazama barabara. Naamini wengi wa waliobaki Goma walikuwa wa kundi hili la pili. Mtu huhama kwenda kwa mtu. Jina la mahali tu halimwondoi nyumbani.

Kuna nchi ambayo nadhani inatufaa kuliko Marekani, nayo ni Bangladesh, kwa sababu umaskini wake ulifanana na wetu. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo waliunda mpango wa watu wa kujitolea wanaoishi katika vijiji vile vile wanavyovihudumia, wakiwa na bendera na vipaza sauti, na leo ni makumi ya maelfu, wanaume kwa wanawake. Walijenga majengo imara ya kukimbilia, na mahali pengine wakainua vilima vya udongo kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, kwa kuwa walijua mkulima hatamwacha ng'ombe wake pekee afe. Wamarekani wenyewe walijifunza jambo hilo baada ya Katrina, ambapo watu walikataa kuokolewa bila mbwa wao. Mwaka 2006 wakatunga sheria inayotaka mipango ya kuhama ihusishe wanyama wa nyumbani. Mwaka 2020, kimbunga Amphan kilipokaribia, Bangladesh ilihamisha watu zaidi ya milioni 2, na vifo vyao vilihesabika kwa makumi.

Mwana wa Majengo, Goma

Wazee wangu, Mama Neema, nawashukuru kwa moyo wote. Karatasi zetu zinaanza na picha ya mlima na maelezo ya rangi za tahadhari. Nitawaomba wenzangu tuanze na maswali kwa kila nyumba: nani hapa hawezi kutembea, nani atambeba, mtakwenda kwa nani, na je, huyo mtu amekwisha kuambiwa kwamba mtakwenda kwake? Majibu tutayaacha kwa kiongozi wa nyumba kumi, kwa maandishi. Suala la ulinzi wa maduka linapita uwezo wetu, kwa hiyo tutalipeleka kwa mkuu wa mtaa na kumwomba ajibu mbele ya watu. Na Mzee wa Bujovu, habari ya Nyos nitaisema kama ulivyoisema, bila kuipunguza.

Mama Neema, je, unaniruhusu nianze na nyumba yako?

Mama Neema, Birere

Karibu sana, mwanangu. Njoo Jumapili baada ya ibada, ndipo mama anakuwa na nguvu ya kuongea na wageni. Uje na yule kijana wa chukudu kama utampata, maana anafanya kazi karibu na soko la Virunga, na tukubaliane bei sasa, wakati hakuna anayekimbia. Papa Ushindi, kama huko Nguba kuna familia inayoweza kumpokea mama mmoja mgonjwa na mtu wa kumhudumia, naomba uniandikie, nami niwapigie simu kabla ya Jumapili.

Papa Ushindi, Bukavu

Ipo, mama. Ni kwetu. Ila nyumba yetu iko mlimani na ngazi ni nyingi, kwa hiyo nitazungumza na jirani wa chini ambaye ana chumba kando ya barabara. Nitakujibu kesho jioni.