Nisaidieni jamani, nimepachikwa kusoma risala mbele ya mgeni rasmi

BintiWaPwani
Assalam alaykum wanajukwaa. Mie niko Pemba, kaskazini huku, tuna ushirika wetu wa mwani wa kinamama (wanaume wawili wamo lakini hao tuwaache). Mungu akipenda mwezi ujao anakuja mgeni rasmi kutuzindulia chanja mpya za kuanikia, basi wenzangu wamekaa wakanipachika mie kusoma risala, sababu eti mie ndo niliefika fomu foo na nnasoma bila ya kukwama. Risala yenyewe kaandika shemegi yangu anaefanya kazi ofisini. Kurasa nne, nusu ukurasa wa mwanzo ni kutaja wakubwa na kushukuru, halafu "uchumi wa buluu" (yaani uchumi wa baharini) umo kila aya, na ombi letu, ambalo ni banda la bati tuweke mwani mkavu usije ukarowa mvua ikipiga, liko ukurasa wa nne chini kabisa kwenye kifungu (h). Jana usiku niliisoma kwa sauti, mama mkwe akasema imetulia mashaallah, kisha akasinzia.

Tumepewa dakika tano. Sasa nikate wapi? Inafaa niseme kama tunavosema huku pwani au lazima kiwe Kiswahili cha taarifa ya habari? Nisome au nihifadhi kichwani? Na hii mikono, wallahi nikishika karatasi tu inatetemeka kama nna homa.

ChiziWaForodhani
Soma tu dada ukakae, mgeni rasmi mwenyewe atakuwa yuko kwenye simu.

BintiWaPwani
@ChiziWaForodhani ndo nnachokiogopa hicho yakhe, asiwe kwenye simu.

MshikaMaiki
Kazi yangu hiyo dada, harusi, mahafali, uzinduzi, vyote nimo, risala nshazisikia mpaka masikio yamefanya sugu. Anza na hesabu. Mtu anaesoma kwa utulivu uwanjani, watu wa nyuma wakamsikia, haendi zaidi ya maneno 100 hivi kwa dakika, maneno yetu marefu haya, neno moja tu "tulivyowakaribisha" limekula pumzi nzima. Kwa hivo dakika tano ni maneno 500 na humo toa salamu, toa makofi, toa mtoto atakaelia. Andika 400. Kurasa nne za shemegi kama zimepigwa chapa ya kawaida hizo zinakaribia maneno 1800, maana yake utasimama pale zaidi ya robo saa na jua lote lile, watu watakuchukia bure.

Itifaki. Hapa ndo pa kukata kwanza. Siku ile atakuwepo mtu wa kutambulisha wageni na atakuwa keshawataja wote mmoja mmoja, wewe ukirudia unapoteza dakika na tena ukitaja kumi ukamsahau mmoja, huyo mmoja ndo pekee atakaeikumbuka hotuba yako. Mtaje mgeni rasmi, masheikh na wazee, sheha wenu, wenzako wa ushirika, sema itifaki imezingatiwa, endelea. Na jina la mgeni rasmi liandike kwa penseli!! Sikutanii. Mara ngapi nimeona anaetarajiwa amepata safari kaleta mtu kwa niaba yake, na msoma risala anaendelea kumshukuru yule ambae hayupo, watu wanaanza kuangaliana.

Karatasi sasa. Mwambie shemegi asikutolee chapa pande mbili, upande mmoja tu, herufi kubwa, na maneno yaishie nusu ya juu ya ukurasa. Sababu ukiwa na maandishi mpaka chini shingo inainama, sauti inakwenda miguuni, watu wanaona mtandio tu. Usizibane na pini, zipe namba, ziweke ndani ya faili gumu. Upepo wa pwani mnaujua nyie kuliko mimi. Na hilo faili ndo dawa ya mikono, karatasi moja nyepesi inautangaza mtetemo kwa uwanja mzima, faili gumu halitangazi, mikono itatetemeka na hakuna atakaejua.

Maiki usiimeze, iache kama upana wa ngumi kutoka mdomoni na chini kidogo, usipite nayo mbele ya spika itapiga kelele. Spika zikiwa mbali mbali uwanjani sauti inakwenda inarudi, ukikimbilia neno la pili la kwanza bado liko njiani. Sema, subiri, sema.

MaalimMstaafu
Mwanangu BintiWaPwani, wa alaykum salam. Nimesomesha Kiswahili skuli miaka mingi na midahalo ya wanafunzi nimeisimamia, nitakujibu suala lako la pili kwa sababu hilo ndo lenye uzito, hayo ya karatasi MshikaMaiki kamaliza.

Msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma. Msomaji akikosa kufahamu sentensi anairudia, yule alokaa kwenye kiti cha plastiki ikimpita imempita. Kwa hivo risala isiandikwe kama barua ya ofisi, iandikwe kwa ajili ya sikio. Sentensi fupi, kitenzi kije mapema, na neno lenye uzito likae mwisho ili ukinyamaza libaki linasikika. Kurudia si kosa. Kwenye insha ningekukata maksi, kwenye hotuba ndo mhimili wenyewe. Mwalimu Nyerere mwaka 1978 jeshi la Idi Amin lilipovamia Kagera, angeweza kusema serikali imefanya tathmini na imejiridhisha juu ya utayari wa vyombo vyake na kadhalika na kadhalika. Akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Angalia mwanangu, hakuna hata neno moja hapo ambalo mpiga makasia halijui. Umbo moja limerudi mara tatu, kila mara limebadilika neno moja tu, na kwa kuwa yale mengine sikio lishayazoea, lile jipya ndo linalopiga. Leo karibu miaka hamsini na watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wanalijua.

Sasa tazama ya shemegi. Nnadhani (sijaiona lakini nazijua) imeandikwa "tunakabiliwa na changamoto ya ukosefu wa miundombinu ya uhifadhi wa mazao". Haina mtu ndani yake hiyo. Nani anakabiliwa? Nani kalowa? Iseme kama mnavoisema mkiwa mnafunga tai tai (vile vikamba vya kufungia mwani) kwenye kamba: mvua ikija usiku tunatoka kukimbiza mwani, tunautia vyumbani tunakolala, watoto wanalala ukumbini. Huyo mgeni rasmi kaambiwa "changamoto" mara nyingi kabla ya kufika kwenu, lakini mtoto kutolewa chumbani kupisha gunia la mwani hajaambiwa.

Lugha ya pwani itumie, ndo lugha yako, haina ubaya wowote. Angalia tu vitu viwili, maneno ambayo mgeni wa kutoka Unguja mjini au bara hatoyafahamu umueleze kwa tendo, na matani ya kwetu mbele ya wazee uyaache nyumbani.

Halafu ufupi. Kule Marekani tarehe 19 Novemba 1863 walikuwa wanazindua makaburi ya askari huko Gettysburg, msemaji mkuu Edward Everett, bingwa wa hotuba zama zake, alisema karibu saa mbili nzima. Baada yake akasimama Rais Lincoln, akasema kama dakika mbili, maneno 270 hivi, akakaa. Ya Everett tafuta mtu anaeikumbuka. Tena Everett mwenyewe alimwandikia Lincoln kesho yake kumsifu, muungwana yule.

KijanaWaMkoani
Naheshimu maoni ya maalim lakini mie nasema karatasi iache kabisa dada. Hotuba kubwa kubwa zote zimetoka moyoni. Martin Luther King ile ya ndoto yake 1963 Washington aliacha karatasi akasema kutoka kichwani. Ukisoma unaonekana umetumwa.

MaalimMstaafu
@KijanaWaMkoani ni kweli lakini umechukua nusu ya kisa kijana wangu. Siku ile ya tarehe 28 Agosti alikuwa na hotuba iloandikwa na sehemu kubwa aliisoma. Karibu na mwisho yule muimbaji Mahalia Jackson aliekuwepo jirani akampigia kelele awaambie ile ndoto, ndo akaiacha karatasi. Sasa jiulize, Mahalia kaijuaje hiyo ndoto? Kwa sababu King alikuwa keshaisema kabla, Detroit mwezi wa Juni mwaka ule ule aliisema. Hayakuwa maneno ya papo hapo, yalikuwa maneno alioyazoea kinywani, na juu ya hapo mtoto wa mchungaji, mwenyewe mchungaji, mimbari kwake ni kama baraza ya nyumbani. BintiWaPwani hajawahi kushika maiki. Akiacha karatasi akakwama pale mbele ya mgeni rasmi nani atampigia kelele, wewe?

KijanaWaMkoani
😂😂 haya maalim nimesalimu amri. Lakini angalau mwanzo na mwisho asiangalie karatasi.

MaalimMstaafu
Hapo tumekubaliana. Sentensi mbili tatu za mwanzo na lile ombi ahifadhi, katikati asome.

UstadhWaWete
Dada yangu usione haya kwa kutetemeka. Nabii Musa (a.s.) alitumwa kwa Firauni na kitu cha mwanzo alichoomba ni Mola amkunjulie kifua, amfanyie nyepesi kazi yake na amfungue fundo la ulimi ili wafahamu anayosema, iko Sura Taha, isome kabla hujanyanyuka kitini. Na hakuishia hapo, akaomba apewe nduguye Harun kwa kuwa ulimi wake ni fasaha zaidi. Hapa ndo nnapotaka ufikiri. Kwani lazima useme peke yako? Katika ushirika wenu hakosekani bibi mmoja ambae yumo kwenye mwani tangu ulipoanza kulimwa Zanzibar 1989, huyo akisimama akasema maneno matatu ya kwake, bila ya karatasi, kwamba mwani ukirowa unaharibika na mnunuzi anapunguza bei au anaukataa, ana uzito kuliko kurasa zote za shemegi. Wewe soma, ukifika pahala pa ombi mkaribishe bibi aseme lake, kisha umalizie wewe. Muulize kwanza lakini, msimshitukize mbele za watu.

Na la ufupi alilosema maalim, sisi tunalo karibu zaidi kuliko Marekani. Imepokewa kwa Ammar bin Yasir katika Sahih Muslim kwamba kurefusha sala na kufupisha khutba ni alama ya ufahamu wa mtu. Wengi wetu tunaopanda mimbari tunaifanya kinyume chake, Mungu atusamehe.

ShogaWaJambiani
Shoga mie nalima mwani huku Unguja, jamani uchumi wa buluu usiutoe wote!! Kina mgeni rasmi wanaupenda huo, uweke mara moja mwanzoni afurahi kisha mwambie bila ya banda uchumi unakuwa wa kijivu 😂 (hii usiseme). Ila moja la kweli, sema ni wanawake. Watu wakisikia "wakulima wa mwani" wanaona wanaume kwenye ngalawa, na sisi ndo tulio wengi kwenye mwani, tunaosimama majini maji yakitoka mpaka yakijaa.

BintiWaPwani
Allah awalipe kheri nyote. Nimekaa na bibi mmoja wa ushirika, suala la kusema kakubali bila hata kufikiri, kasema "hata leo nambie". Shemegi kanuna kidogo lakini keshapoa. Huu ndo mwanzo mpya, niambieni ukweli:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, masheikh na wazee wetu, sheha wetu, kinamama wenzangu, itifaki imezingatiwa. Assalam alaykum. Chanja tumezipata, tunashukuru. Mwani sasa tunauanika juu, haushiki mchanga, na bei yake si kama ile ya zamani. Lakini mheshimiwa, chanja haina paa. Masika iliopita mvua ilipiga usiku, tukaukimbiza mwani majumbani, vyumba vikajaa, tulioshindwa kuuweka ukabaki nje. Magunia mengi yaliharibika. Mwani tulioungoja mwezi na nusu baharini, ukaharibika usiku mmoja."

MaalimMstaafu
Mashaallah. "Chanja haina paa" ndo risala yako hiyo, baada yake nyamaza kidogo, hesabu mpaka tatu moyoni, waache waitazame ile chanja. Salamu ianze kabla ya mheshimiwa, huo ndo utaratibu wetu. Na "magunia mengi" toa. Mangapi?

BintiWaPwani
Kumi na moja.

MaalimMstaafu
Basi sema kumi na moja. Mengi hakuna anaeyaona, na afisa wake pembeni hana cha kuandika.

ShogaWaJambiani
Na useme banda lina ukubwa gani, hatua ngapi kwa ngapi na nyie mtatoa nini. Sisi tulisema mawe na mchanga tutabeba wenyewe, tunaomba bati na mbao. Mtu akiona mshaanza anaona haya kukataa. Ukisema "tunaomba msaada" tu utaletewa fulana na kofia.

MshikaMaiki
Mwisho wa risala usimalizie na yale "kwa haya machache naomba kuwasilisha" halafu ukaongeza mengine matatu. Ombi, asante, kaa. Suala moja tu nisaidie, shughuli ni saa ngapi?

BintiWaPwani
Saa nane mchana.

MshikaMaiki
Saa nane ya kwenye barua ya mwaliko, dada. Wageni watafika saa tisa kasoro, kuna dua, kuna kasida ya watoto wa madrasa, kuna kukagua chanja, wewe utakamatia maiki karibu na adhana ya laasiri. Ikiadhiniwa unanyamaza, na ikimalizika watu washaanza kunyanyuka kutafuta maji ya udhu, wengine hawarudi. Usirudie mwanzo. Au bora zaidi ombi lipandishe juu, liwe limeshasemwa kabla.

BintiWaPwani
Nishalipandisha, liko ukurasa wa kwanza chini ya "chanja haina paa", na bibi nimemweka hapo hapo. Kifungu (h) hakipo tena. Zimebaki kurasa mbili za herufi kubwa, nnakwenda kutafuta faili gumu.