Mjadala: JKIA inunue chila mpya, au itumie kwanza baridi ya Embakasi?

Kipimajoto (mwanzilishi)

Wadau, jengo kuu la abiria la JKIA (uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi) lilifunguliwa 1978 na abiria hawaachi kuongezeka. Kila upanuzi unapotajwa, suala la ubaridi huja likiwa orodha ya manunuzi: chila (mashine za kupoza maji yanayozungushwa kupoza jengo) ngapi, za ukubwa gani. Mimi napinga kuanzia hapo.

Embakasi, uliko uwanja huu, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mchana wa Julai joto huishia nyuzi 21 au 22, Februari na Machi ni 28 hivi, na usiku hushuka hadi kati ya 11 na 16 karibu mwaka mzima. Sasa tazama ratiba: ndege nyingi za Ulaya huondoka usiku wa manane, na wimbi jingine la abiria huja alfajiri. Yaani watu hujazana ukumbini wakati hewa ya bure iko nje ya ukuta, tena baridi kuliko inayotakiwa.

Pendekezo langu ni dampa (vilango vya kufungua na kufunga njia ya hewa) tatu kwa kila mashine ya kupulizia hewa ukumbini: ya hewa ya nje, ya inayorudi na ya inayotolewa. Nje ikiwa chini ya nyuzi 14, changanya na inayorudi na uzime kompresa. Kati ya 14 na 23, vuta hewa ya nje yote, chila imalizie tu kilichobaki. Ikipita 24, rudi kwenye kiwango cha chini cha kupumulia, lita 8 hadi 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Hayo yakishafanyika, ndipo tujadili ukubwa wa chila.

Fundi Koili

Naunga mkono, lakini kuna mambo mawili ambayo michoro huyaruka.

La kwanza ni wepesi wa hewa ya hapa. Mombasa, mita moja ya ujazo kwa sekunde hubeba karibu kilowati 1.2 za joto kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nairobi ni kama 1.0. Ukumbi wenye joto la kilowati 300, ukipuliziwa hewa ya nyuzi 14 ili ubaki 24, unataka mita 25 za ujazo kwa sekunde pwani, lakini hapa unataka 30. Anayechagua feni na mifereji kwa jedwali la usawa wa bahari anaacha sehemu moja ya sita ya ubaridi kwenye karatasi, kisha lawama anabebeshwa mtu wa gesi.

La pili, dampa hufa kimyakimya. Mkono wake hulegea, mota yake huungua, raba za ukingoni hukauka. Ikikwama wazi, Machi saa nane mchana unapoza hewa ya nyuzi 28 na hakuna king'ora kinacholia. Ikikwama imefungwa, ile baridi ya bure huipati, na pia hutajua. Sensa ya nje ikifungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua, itasoma 30 hali ni 23, na mfumo utakataa hewa nzuri mchana kutwa. Weka upande wa kivuli, yenye kofia, na mbali na pumzi ya kondensa, ile sehemu ya chila inayotupa joto nje.

Na usisahau feni za kutoa. Ukiingiza hewa yote ya nje bila njia ya kuitoa, milango ya kioo haitafunga.

Upepo wa Athi

Kipimajoto, umesahau mafuta ya taa yanayochomwa na ndege. Hewa ya uwanja wa ndege si hewa ya msitu wa Karura. Ndege iliyoegeshwa ikiwasha injini yake ndogo ya mkiani, harufu huingia moja kwa moja kwenye mlango wa hewa, na abiria hulalamikia harufu kabla ya kulalamikia joto. Kichujio cha mkaa kinasaidia, ila kikiongezwa juu ya vichujio vya vumbi huiongezea feni mzigo, na feni hiyo hufanya kazi saa 24. Usipoangalia, ulichookoa kwenye kompresa kitaliwa na feni.

Upande wa barabara nako kuna mabasi na teksi, kwa hiyo usidhani umehama moshi. Milango ya hewa iwekwe juu ya paa, upande wa kaskazini-mashariki. Ndege nyingi hutua hapa zikielekea huko kwa sababu upepo mwingi hutoka huko.

Afadhali zaidi ni kuzima huo moshi. Ndege ipewe umeme na hewa baridi kutoka langoni. Mombasa tayari kuna mradi wa jua wa karibu kilowati 500 wa kuhudumia ndege zilizoegeshwa, kwa hiyo wazo si geni kwetu.

Hesabu Kwanza

Nyote mnazungumza kana kwamba chila kuukuu haigharimu kitu kwa siku ambayo haijabadilishwa. Chukua mzigo wa kilowati 1,000 za ubaridi. Mashine ya zamani inayopozwa kwa hewa hutoa kilowati 2.8 za ubaridi kwa moja ya umeme, basi inakula 357. Mpya inayopozwa kwa maji hufika 5.5, inakula 182. Tofauti ni 175. Kwa saa 3,000 za mzigo kamili kwa mwaka, hizo ni uniti 525,000. Na mteja mkubwa hulipia pia kilele cha kVA, yaani mzigo wake wa juu kabisa wa umeme, si uniti peke yake.

Kisha kuna gesi. Mashine yoyote inayotumia R22, gesi ya zamani ya kupozea, inaishi kwa muda wa kukopa: nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuachana nayo, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Msiruke kwenda gesi ya R410A pia, hiyo inapasha dunia zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dioksidi na inabanwa na Makubaliano ya Kigali ya 2016.

Sheria nayo ipo. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilimtaka anayetumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka akaguliwe kila miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa.

Tone kwa Tone

Chila inayopozwa kwa maji, katika mji wa mgao wa maji? Tupige hesabu yako mwenyewe. Kilowati 1,000 za ubaridi na 182 za umeme ni 1,182 za kutupwa nje. Kila kilowati-saa huvukiza karibu lita 1.5, hivyo ni lita 1,750 kwa saa. Ongeza maji yanayomwagwa ili chumvi zisizidi mara nne ya zile za maji yanayoingia, lita 580 hivi. Kwa saa 12 za mzigo kamili ni lita 28,000, karibu lori tatu za lita 10,000 kila siku. Kisima nacho si jibu rahisi: maji ya miamba ya volkeno huja na silika, nayo ikishaganda kwenye mirija ya kondensa haitoki kwa asidi ya kawaida. Halafu mnara wa kupozea maji hayo usiotiwa dawa ni kitalu cha bakteria wa lejionela.

Hesabu Kwanza

Hoja ya maji nakubali, dada. Basi tuchukue njia ya kati: kondensa ya hewa yenye pedi za kulowesha, maji yafunguliwe tu nje ikipita nyuzi 22. Mchana mkavu wa Februari, hewa ya 28 hufika kwenye koili (mirija yenye mapezi inayopitisha joto) ikiwa 21 hivi. Haitafika ufanisi wa 5.5, lakini maji ni ya saa chache tu za siku, na Julai karibu hayaguswi.

Fundi Koili

Kabla ya pedi na kabla ya chila, tazameni maji yanayorudi kwenye chila. Ugonjwa wa majengo makubwa ni huu: maji hutoka nyuzi 7, yanatakiwa yarudi 12 au 13, lakini yanarudi 9. Opereta anaona ukumbi una joto, anawasha chila ya pili na pampu yake. Chila mbili zikiwa nusu mzigo, meneja anaandika barua kwamba uwezo umekwisha. Hapana, uwezo upo. Maji ndiyo yanayozunguka bila kubeba joto.

Visababishi navyo ni vya kawaida. Vali za njia tatu humwaga maji baridi moja kwa moja kwenye bomba la kurudi. Koili zimeziba vumbi. Mtu ameweka thamostati 18 na vali haijafunga tangu hapo. Kuna pia wapangaji waliofunga AC za ukutani ambazo kondensa zake zinapuliza juu ya dari ya jengo lilelile, wanapoza duka na kupasha ukumbi.

Kwa hiyo mpangilio: safisha koili kwa sabuni isiyokula alumini, ukiosha kinyume na mkondo wa hewa. Badilisha vali ziwe za njia mbili. Weka inveta (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota) kwenye pampu na feni, kwani feni ikishuka hadi asilimia 80 ya mwendo hula karibu nusu ya umeme. Kumbuka inveta hupoteza kama asilimia moja ya uwezo kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000, kwa hapa ni 6, chagua saizi inayofuata. Mwisho, msimu wa baridi pandisha maji kutoka 7 hadi 10. Kila nyuzi huokoa asilimia 2 au 3 za umeme wa kompresa.

Kipimajoto

Harufu na maji nimekubali, mlango wa hewa uende juu ya paa. Ombi langu ni moja: mita ya kupima joto linalobebwa na maji ifungwe kwenye bomba kuu la chila, isome kutoka Februari hadi Julai, ndipo zabuni itangazwe.

Hesabu Kwanza

Miezi sita ni mingi. Pima Februari na Machi, ndiyo kilele. Julai tunaijua.

Fundi Koili

Kilele kinakupa jumla ya uwezo tu. Julai ndiyo itakayokwambia chila ndogo kabisa iwe ndogo kiasi gani. Ukinunua mbili kubwa sawasawa, usiku wa Julai mzigo utashuka chini ya kile ambacho hata moja inaweza kukivumilia, na kompresa itawaka na kuzima kila dakika chache hadi ife.

Hesabu Kwanza

Basi mita ifungwe wiki hii, na koili zioshwe huku inasoma.

Fundi Koili

Zioshwe kwanza. Mita ikisoma koili chafu, utanunua chila ya kupoza vumbi.