Nina kama elfu 15 za kadi ya grafiki: RX 580, GTX 1650 au RX 6400?

kijana_wa_umoja: Habari za jioni wadau. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba ya ex-UK (mtumba wa Uingereza), i5-7500, RAM 16GB. Nataka kucheza GTA V na gemu za mpira, na mara mojamoja kuhariri video za harusi. Leo Luthuli, Nairobi, nimetajiwa RX 580 ya 8GB kwa 12,500, GTX 1650 kwa 15,000 na RX 6400 kwa 17,000. 580 ina kasi kuliko 1650 na bado bei yake iko chini. Mbona kila mtu ananiambia niiache?

wati_ngapi: Kwa kadi iliyo juu ya kaunta, hesabu yako ni sawa. Ndani ya hiyo Dell haifai. Pawa saplai yako ni ya wati 180, na 580 peke yake inakula 185. Saplai nayo hubadilishi hivihivi, maana Dell hiyo haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Ongeza saplai, adapta na boksi jipya, halafu utuambie kama bado ni 12,500.

mama_pixel: Na ni 580 ipi? Kuna zinazouzwa kwa jina hilo kumbe ni 2048SP, yaani kore 2048, nguvu za RX 570. Programu ya GPU-Z isome kore 2304 ndipo utoe pesa. Nyingi zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi uchimbaji ulipokoma Septemba 2022. Mimi hilo halinisumbui bei ikishuka, mradi muuzaji akuruhusu uichezeshe gemu nusu saa mbele yake. Akikataa, muage.

kijana_wa_umoja: Basi 1650?

wati_ngapi: Hiyo ni wati 75, na zipo zisizotaka waya wa ziada. Ila boksi lako linataka kadi fupi kwa kimo, na 1650 fupi nyingi hukalia nafasi mbili za kadi. Fungua upime.

kijana_wa_umoja: Nimefungua. Saplai imebana pale pale, ni nafasi moja tu 😩

jua_kali_254: Imebaki 6400 fupi, lakini kwa 17,000 mimi sitoi. Ina njia nne tu za PCIe (zinazopitisha data kati ya kadi na mashine), na mashine yako ni toleo la 3.0 badala ya 4.0, kwa hiyo upana ni nusu ya uliokusudiwa. Ile memori yake ya 4GB ikijaa, gemu inakwamakwama. Tena haina enkoda (sehemu ya kutolea video), video za harusi utazisubiri.

mama_pixel: Kwa video usimtishe bwana. i5-7500 ina Quick Sync, enkoda ya Intel. Awashe grafiki ya Intel kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inapowaka), hiyo itatoa video, kadi ibaki na gemu. Kwa bei tunakubaliana.

wati_ngapi: Ningekuwa wewe ningeuza hicho kidude, nichukue tower (boksi kubwa la kusimama) ya ex-UK, kisha hiyo 1650 ya 15,000.

kijana_wa_umoja: Mwenye tower ya i5, kizazi cha sita kwenda juu, anayetaka kubadilishana aje inbox. Naongeza kidogo, lakini si elfu kumi.