Naomba ushauri: Mama kapooza mkono, kaka katuletea gemu la mazoezi. Tumwache acheze?

MtotoWaUjiji
Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Mama ana miaka 71, tunaishi Ujiji. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, upande wa kushoto wote ukalegea. Namshukuru Mungu kauli imerudi na anatembea kwa fimbo, ila mkono bado. Huyu ni mama aliyetusomesha kwa dagaa. Alikuwa anachambua ungo mzima huku anapiga stori, haangalii hata mikono yake. Leo ule wa kushoto anaushika kwa wa kulia, anaulaza mapajani taratibu kama mtoto wa jirani aliyeachiwa.

Hospitali tulikuwa tunaenda mazoezi mara mbili kwa wiki. Foleni ndefu, mtaalamu mmoja, zamu yake ikifika ni dakika kumi. Nyumbani ndiyo anagoma kabisa. Ananiambia, "Niinue niushushe, niinue niushushe, halafu?" Nakosa jibu.

Sasa kaka aliye Marekani kaja likizo na Nintendo Wii iliyotumika, ile mashine ya gemu ya kwenye TV unayocheza kwa kupunga rimoti, pamoja na ule ubao mweupe wa kusimamia. Anasema huko wazee wanaitumia kurudisha nguvu baada ya kuugua. Bado iko kwenye boksi. Naogopa nitamwangusha mama, na naogopa pia kumnyima kitu ambacho kingemsaidia. Waliopitia hili naombeni msaada.

FundiMwanga
Pole sana kwa kuuguza. Kabla ya yote USICHOMEKE! Geuza adapta usome maandishi madogo. Za Marekani huwa ni volti 120, umeme wetu ni 230, utaiunguza siku ya kwanza. Tafuta adapta ya 230 au transfoma ya kushusha. Angalia na TV yenu, waya wake ni ule wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano. Flati nyingi za sasa hazina matundu hayo.

Fizio_Kigoma
Mpe mama pole. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo nitaandika kidogo kwa urefu.

Ubao huo una vihisio vinne, kila pembe kimoja, vinapima uzito wa mtu umeegemea wapi. Aliyepooza upande mmoja huegemea mguu mzima bila kujijua. Unaweza kumwambia mara mia "simama sawa", na yeye anaona amesimama sawa. Akiwa juu ya ubao anaiona kwenye TV nukta ya uzito wake imekimbilia kulia, anairudisha mwenyewe. Hiyo ni faida ya kweli.

Lakini msianzie hapo. Ubao umeinuka kama sentimita 5, na mama macho yake yatakuwa kwenye TV, siyo kwenye miguu. Hatari kubwa ni pale anapopanda na kushuka. Aanze amekaa, kiti cha mbao chenye mikono, kisichoteleza. Mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini unachezeka vizuri kwa kukaa. Rimoti aishike kwa mkono wa kushoto, wa kulia uufunike na kuusaidia, na kamba ya rimoti iwe kwenye kifundo cha mkono. Mchunge asije akarusha kwa kiwiliwili chote badala ya mkono, maana mwili una ujanja wa kukwepa sehemu dhaifu.

Msimnyanyue kwa kumvuta mkono ule. Bega lililolegea linaachia haraka sana, na maumivu yake yatamfanya achukie kila zoezi. Mfungeni kanga imara kiunoni, mtu amshike hapo. Pimeni presha kabla. Akipata kizunguzungu au kifua kikibana, acheni. Mdomo ukipinda au udhaifu mpya ukitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mpita_Njia
Mnampotezea mama wa watu muda. Gemu ni za watoto.

BintiTabora
Mpita_Njia, nusu uko sahihi, nusu unakosea. Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti ulioongozwa na Gustavo Saposnik wa Toronto. Wagonjwa 141 wa kiharusi, wengine wakapewa Wii, wengine karata, bingo, kupanga vijiti vya Jenga na kucheza mpira. Saa nzima kila mara, mara kumi ndani ya wiki mbili, juu ya tiba yao ya kawaida. Mikono ya makundi yote mawili ilipata nafuu, na Wii haikuwashinda wa karata.

Mimi nilimuuguza baba hapa Tabora, yeye alivunjika nyonga. Hakuna zoezi alilokubali mpaka wajukuu walipoanza kulifanya naye.

Fizio_Kigoma
Asante BintiTabora, ndiyo maana yangu. Mkono unarudi kwa kurudia mara nyingi sana, tena kwa jambo ambalo mgonjwa analitaka. Gemu linasaidia pale linapomfanya arudie bila kuchoka roho. Kama mama anapenda bao, kuokota kete na kuziangusha mojamoja ni zoezi zuri la vidole.

MtotoWaUjiji
Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. FundiMwanga, Mungu akubariki, adapta ilikuwa ya 120 kweli.

Anacheza amekaa, na mjukuu wake wa miaka tisa. Siku ya kwanza dakika tano tu. Sasa anafika ishirini, umeme ukikatika ananuna. Bao hakulitaka. Ila juzi aliposoma maneno ya Fizio (nilimpa simu asome mwenyewe) alinyamaza, kisha akasema, "Nileteeni ungo."

Tukamwekea dagaa wakavu. Kidole gumba na cha shahada vya kushoto vikamshika dagaa mmoja, akaponyoka. Akamshika tena, akaponyoka tena. Ilimchukua dakika nzima kumvusha upande wa pili wa ungo. Alivusha 17, jasho linamtoka, na hakutaka nimsaidie hata mmoja.

Fizio, sasa anadai kusimama kwenye ubao. Nimruhusu?

Fizio_Kigoma
Kumi na saba! Usimpandishe bado. Nakutumia ujumbe faragha, tupange siku nije nimwone anavyosimama kwanza.