Gari ya umeme inakula tairi za nyuma upande wa ndani, nianzie wapi?

Mkazi wa Mbweni

Wakuu, habari za muda huu.

Nina gari ya umeme ya Kichina, mota yake iko nyuma. Niliichukua mpya, sasa inasoma kilomita 18,000. Juzi nimepeleka pancha, fundi alipovua tairi ya nyuma kushoto tukakuta bega la ndani limekuwa kipara, waya zinakaribia kuonekana, na upande wa nje bado una mifereji mizuri tu. Gari ikiwa imesimama huoni kitu, maana sehemu iliyoisha ndiyo iliyojificha. Ya kulia nayo imeanza ila haijafika huko. Za mbele zinaisha sawasawa.

Halafu kuna muungurumo unatoka nyuma nikivuka spidi 60, na usukani unalala kidogo kushoto hata barabara ikiwa imenyooka. Upepo tulikuta 31 tairi zote.

Gereji ya kwanza wameniambia ni bering'i ya gurudumu, ibadilishwe. Ya pili wanasema alaimenti, yaani kupanga pembe za tairi, ni ya mbele tu, nyuma hakuna cha kurekebisha, ninunue tairi mpya maisha yaendelee. Tairi za saizi hii bei yake imesimama, na gari hii ndiyo inapeleka wanangu shule. Sitaki tairi ipasuke nao wakiwa ndani. Natanguliza shukrani.

Fundi Chasisi

Mkuu, hiyo ya kushoto itoe leo, weka spea. Usiihamishie mbele "imalizikie" huko. Mvua hizi zikikukuta na kipara utateleza kabla hujajua kilichotokea.

Pili, usinunue tairi mpya bado. Ukifunga mpya bila kurekebisha kinachozila, utarudi hapa na kilio kilekile.

Fanya hivi: pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja ukiteleza laini na upande mwingine ukikukwaruza kama kuna ncha kali, tairi inaburutwa kiubavu. Hiyo ni tou, yaani tairi haiangalii mbele sawasawa. Ikiwa imeisha upande mmoja lakini ni laini kotekote, mshukiwa mkubwa ni kemba, yaani tairi imeinama. Mabonde mabonde kwenye mzunguko, angalia shokapu na balansi.

Na huo muungurumo usikimbilie bering'i. Tairi iliyoisha vibaya inanguruma vilevile, na kwenye gari ya umeme hakuna injini ya kuufunika. Hamisha tairi ya kulia nyuma uipeleke mbele, tembea kidogo. Sauti ikihama na tairi, bering'i ni nzima.

Mzee wa Leaf

Mimi nadhani tunamtisha mwenzetu bure. Gari za umeme zote zinakula tairi, ni uzito wa betri. Nissan Leaf yangu ya umeme, yenye betri ya 40 kWh, ina zaidi ya kilo 1,500 wakati IST haifiki hata 1,200. Ongeza na ule mvuto wa ghafla ukikanyaga. Azoee tu kununua tairi mapema.

Fundi Chasisi

Mzee wangu, kwa uzito na mvuto nakubaliana na wewe. Na kwake mota iko nyuma, kwa hiyo tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na akiachia pedeli ni hizohizo zinazoshika gari ili kurudisha chaji. Ndiyo maana ni za nyuma zinazowahi.

Ila uzito hauchagui bega. Uzito unamaliza tairi haraka, pembe mbovu ndiyo inayoamua iishie wapi. Upepo nao ukiwa mdogo unakula mabega yote mawili, hauli la ndani peke yake.

Hiyo habari ya "nyuma hakuna alaimenti" naijua inakotoka. Mafundi wengi tumekulia kwenye Vitz, IST, Passo. Zile nyuma zina bimu moja inayounganisha tairi mbili, kweli hakuna bolti ya kugeuza. Hata Leaf ya mzee hapo juu ni hivyo. Lakini gari nyingi mpya za umeme nyuma kila tairi ina mikono yake kadhaa inayojitegemea, yaani vyuma vinavyoishikilia, na kuna bolti yenye kisahani cha duara ambacho tundu lake haliko katikati, ukiizungusha tou inabadilika. Fundi asiyeingia chini kuangalia atakuapia haipo.

Tafuta gereji yenye mashine inayofunga vipimo tairi zote nne. Dai karatasi ya kabla na ya baada. Bila karatasi usilipe. Nimeona watu wengi mno wamelipia alaimenti ambayo ni kunyoosha usukani tu, na roho inaniuma kwa sababu anayeumia ni mteja ambaye hana namna ya kujua.

Dada Kibaha

Samahani kuingilia. Yangu ilikuwa inagonga matuta, nikawekewa spesa juu ya springi, imenyanyuka inchi moja na nusu. Na mimi nahusika?

Fundi Chasisi

Unahusika sana dada. Mikono ya nyuma inatembea kwa upinde, ukiinua bodi tairi inageuka mwelekeo. Nyingi zimeundwa bodi ikishuka tairi ziangalie ndani, kwa hiyo ukiinyanyua zinafungukia nje. Kila ukibadilisha kimo cha gari, alaimenti upya, nyuma na mbele. Nenda kapime hata kama tairi bado zinakuridhisha kwa macho.

Mswahili Oslo

Huku Norway karibu gari tisa kati ya kumi mpya zilizouzwa 2024 zilikuwa za umeme kabisa, na mimi nafanya kazi ya kubadilisha tairi. Hicho alichokieleza mtoa mada tunakiona sana. Huku tunawahi kukigundua kwa sababu ya baridi: gari nyingi zinavuliwa tairi mara mbili kwa mwaka, za majira ya theluji na za joto, kwa hiyo bega la ndani linaonekana. Kwenu tairi inafungwa hadi ipate pancha. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zivueni, mpime kina cha mifereji sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Tairi mpya huwa na kama milimita 8. Sehemu tatu zikipishana zaidi ya milimita moja, msingoje.

Mkazi wa Mbweni

Mrejesho wakuu. Nilihamisha tairi, muungurumo umehamia mbele, kwa hiyo bering'i haiguswi. Kiganja kimekwaruzwa kweli upande mmoja. Nimepata gereji yenye mashine, karatasi hii hapa ya kabla:

Nyuma kushoto: kemba -2.1, tou -0.30
Nyuma kulia: kemba -1.6, tou -0.04
Kiwango cha kiwanda: kemba -0.9 hadi -1.9, tou +0.05 hadi +0.15

Mbele ziko ndani ya kiwango. Nisaidieni kuisoma.

Fundi Chasisi

Sasa tunaongea na ushahidi.

Tou ni tairi inaangalia wapi ukiitazama gari kutoka juu, kama vidole vya miguu ya mtu anayetembea. Alama ya kutoa maana yake zinaangalia nje, na kiwanda kinataka ziangalie ndani kidogo. Jumlisha zako mbili: ni digrii 0.34. Gari ikitembea zinagawana, kila moja inaburutwa digrii 0.17. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu: ni karibu mita 3 za kiubavu kwa kila kilomita. Kuanzia Dar mpaka Morogoro, zile kilomita 190 na ushee, tairi yako imesuguliwa kiubavu zaidi ya nusu kilomita.

Kemba ni mwinamo. Ya kushoto imeinama zaidi, uzito unakaa bega la ndani, na msuguo wote unaishia hapohapo. Ndiyo maana kushoto imetangulia. Na kwa kuwa kushoto imefunguka zaidi ya kulia, matako ya gari yanavutwa kushoto, wewe unashika usukani kushoto ili uende moja kwa moja.

Kushoto kwetu ndiko kwenye kingo za lami zilizomegeka na mashimo. Kabla ya kugeuza bolti yoyote, kagua mkono na bushi (mipira ya kwenye maungio) za kushoto kama kuna kilichopinda au kulegea. Ukirekebisha juu ya bushi iliyochoka, vipimo vitahama wiki ileile.

Mkazi wa Mbweni

Mkono wa chini kushoto umepinda, unaonekana ukiulinganisha na wa kulia. Umeagizwa mwingine. Hivi kemba itarekebishwaje, wamesema haina bolti?

Fundi Chasisi

Gari nyingi haina. Mkono mzima ukifungwa itarudi yenyewe, na kulia -1.6 iko ndani ya kiwango, iache. Baada ya hapo tou zote mbili ziletwe kwenye +0.10, bolti zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake. Waambie pia waweke upya sensa ya pembe ya usukani kwa kompyuta.

Na wakiinyanyua, wasimame pembeni waone jeki inakaa wapi. Ni kwenye zile pointi nne za pembeni tu, kamwe isiguse sanduku la betri.

Mswahili Oslo

Tairi ukinunua usiangalie saizi peke yake. Kama yako ni 235/50 R18, kuna yenye namba 97, inabeba kilo 730, na kuna 101 yenye alama XL, yaani iliyoimarishwa kwa uzito zaidi, inabeba 825. Fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upepo nao usome hapohapo, upime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Gari za umeme nyingi zinataka kati ya 36 na 42, hiyo 31 ni mazoea ya gari ndogo.

Mkazi wa Mbweni

Kibandiko kinasema 38, na XL. Mkono umefungwa leo. Karatasi ya baada: kushoto kemba -1.5, tou +0.10, kulia kemba -1.6, tou +0.09. Usukani umenyooka. Nimefunga mbili mpya nyuma, nitazivua zikifika kilomita 2,000 nipime sehemu tatu na kuleta namba hapa. Dada Kibaha, gereji hii wanapima nne zote, nimekutumia mawasiliano yao faragha.